Trekta la Kombo na Adhana ya Magharibi

Kombo Mwinjuma wa Mzambarauni, kitongoji kilichoko nyuma ya Mbegani ukishaiacha minazi na kuingia kwenye mabonde ya mpunga, alikuwa na kazi mbili, na zote mbili alizifanya kwa sauti. Ya kwanza ilikuwa kuadhini. Ya pili ilikuwa kulima mashamba ya watu kwa trekta dogo la dizeli. Ya kwanza aliirithi kwa baba yake, Mungu amrehemu, ambaye naye aliipokea kwa ami yake, na hakuna aliyekumbuka msikiti ule ukiadhiniwa na mtu wa ukoo mwingine. Ya pili aliitoa Miono, kwa mkulima mmoja aliyekuwa amelichoka trekta lake.

Trekta lenyewe lilikuwa la pistoni moja, la kuwashwa kwa hendeli, na rangi yake ya asili ilikuwa haijulikani tena. Yule wa Miono alimweleza mambo mawili tu. Asilizime ovyo, kwa sababu kuliwasha ni shughuli. Na asiuache mkono kwenye hendeli likishashika, kwa sababu linapiga teke. Kombo alishukuru, akapanda, akaliendesha mpaka kwao, na watu wa Mzambarauni walijua kwamba amepata trekta muda mrefu kabla hajaonekana.

Shufaa, mkewe, alitoka nje akalitazama likitetemeka mbele ya nyumba. Kuku walikuwa wameshaondoka.

"Linanguruma sana," alisema.

"Ni zima kabisa," alijibu Kombo. "Hata mimi nimeshangaa."

Siku zile za mwanzo, akiwa njiani na trekta lake, Kombo akikutana na mtu alikuwa anampungia mkono na kuendelea. Aliona inatosha, maana hata angesema asingesikika. Mpaka asubuhi moja alipompungia mkono Bi Biubwa. Bi Biubwa alikuwa mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, na ndiye mzee pekee aliyebaki upande ule wa kukeni. Alikuwa anafagia uwanja. Aliulaza ufagio chini, akajitanda kanga, akaenda kwa Shufaa.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kaenda shamba, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Najua kaenda shamba, nimemwona. Kapita mbele yangu, kanipungia mkono kama mbunge. Mimi nimembeba kwa mgongo huu mpaka akaota meno. Leo kapata chombo cha kupanda, mimi ndiye wa kupungiwa."

Kombo alikwenda kumwomba radhi jioni ile ile, na radhi akapewa, pamoja na kikombe cha chai. Lakini alirudi nyumbani kichwa chini, na tangu siku hiyo akajiwekea sharti kwamba hatampita mtu yeyote bila salamu kamili. Na salamu kamili kwa watu wa kule si neno moja. Ni shikamoo na marahaba, ni umeamkaje, ni za nyumbani, ni mgonjwa anaendeleaje, na yule kijana aliyekwenda Pangani kama amefika salama, halafu ndipo mtu aombe njia apite. Mwenye baiskeli anateremka akasalimia. Mwenye gari anazima. Kombo hakuweza kuzima. Akizima ni kurudi kwenye hendeli, na ile hendeli ilikwisha kumtegua kiwiko mara moja. Kwa hiyo alipunguza mwendo tu, akaiinua sauti yake ikapita juu ya mngurumo, na aliyesalimiwa naye akaiinua yake, na hivyo ndivyo walivyoishi.

"Mzee Dadi, shikamoo," angeita kutoka juu ya trekta. "Umeamkaje? Na ile haja ndogo sasa inatoka vizuri?"

Mzee Dadi lile jambo alimweleza Kombo peke yake, kwa kunong'ona, baada ya sala ya isha. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Wanawake waliokuwa bondeni wakipandikiza mpunga walikuwa wamenyoosha migongo wakingoja jibu.

"Inatoka," akajibu Mzee Dadi kwa sauti ya kushinda trekta, maana kuacha kujibu salamu nako ni vibaya.

Watoto walilipa trekta jina la Shikamoo, kwa kuwa hilo ndilo neno lililokuwa likifika kabla yake.

Miaka ikaenda. Sauti ya Kombo, iliyokuwa nzuri kama ya baba yake, ikaanza kupungua utamu na kuongezeka mikwaruzo, kidogo kidogo, kama mwiko unaoliwa na sufuria. Mwenyewe hakujua. Jioni masikio yake yalikuwa bado yanavuma trekta, na alipoadhini alijisikia kwa mbali tu, akadhani anasikika vile vile kama zamani. Watu walijua. Lakini mtu anayekuita kwenye sala unamwambiaje kwamba anakuita vibaya? Wakanyamaza na kuja kusali.

Huenda wangenyamaza mpaka mwisho kama isingekuwa spika. Kuna mtu wa mjini, mwenye asili ya Mzambarauni, alijaaliwa, akauletea msikiti spika ya pembe pamoja na paneli yake ya sola. Ikafungwa juu ya paa. Kombo akaadhini adhuhuri, na kilichotoka kilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya kokoto. Wazee wakakubaliana kwamba spika ni mbovu. Wakairudisha dukani Bagamoyo, na mwenye duka, bila maneno mengi, akawabadilishia. Ya pili nayo ilikuwa mbovu vile vile. Walipoirudisha hiyo, mwenye duka alikuja na ya tatu yeye mwenyewe kwa pikipiki, akaifunga, akaomba mtu yeyote aseme chochote. Aliyekuwa karibu ni Farhan, kijana mpole aliyekuwa amerudi kutoka kusoma dini Pangani. Farhan akashika maiki akasoma Alhamdu. Ikatoka safi kama maji ya mtungi.

"Spika nzima," alisema mwenye duka, akafunga mkoba wake.

Hakuna aliyemtazama Kombo. Hapo ndipo Kombo alipojua.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Baada ya siku chache imamu wa msikiti, Mwalimu Abdulswamad, alimwomba Kombo abaki kidogo baada ya alasiri. Mwalimu Abdulswamad alikuwa mtu wa maneno machache na kanzu nyeupe, na vyote viwili alivitunza.

"Bwana Kombo, Ramadhani inakuja."

"Inakuja, Mwalimu. Mungu atufikishe."

"Amin. Sasa magharibi ya Ramadhani si kama magharibi nyingine. Watu wamekaa, tende mkononi. Wanakungoja wewe." Akaiweka sawa mikono ya kanzu. "Mwaka jana ulijikohoza kabla hujaanza."

"Nakumbuka."

"Kuna watu walidhani ndiyo adhana, wakafungua."

Kombo hakuwa amelijua hilo.

"Wamelipa ile siku," alisema Mwalimu. "Bi Biubwa amelipa. Mzee Dadi amelipa. Hawakutaka kukwambia. Lakini mwaka huu haiwezi kuwa hivyo."

Kombo akatazama mkeka. Baba yake aliadhini mahali pale mpaka wiki aliyokufa, na wiki ile alishikwa mkono na Kombo ili asimame.

"Unaniondoa, Mwalimu?"

"Sauti yako haijafa. Imechoka. Inachoka njiani, kwenye salamu. Mimi nitamwomba Farhan aadhini kwa sasa, wewe uipumzishe. Mwezi ukiandama nayo imerudi, adhana ni yako. Isiporudi, Farhan ataendelea nayo, na wewe ni wetu wa safu ya kwanza siku zote."

"Kwa hiyo nisiwasalimie watu?"

"Sikusema hivyo."

"Basi nizime trekta kila nikimwona mtu?"

Mwalimu akafikiri. "Hilo ni lako na trekta," alisema.

Kombo alimweleza Shufaa. Shufaa alikuwa anapepeta mchele na hakuacha kupepeta.

"Watu huwezi kuwapita, na wewe huwezi kunyamaza," alisema. "Basi linyamazishe trekta."

Mtu aliyekulia kwenye minazi, akitaka kuziba kitu, mkono wake unakwenda kwenye makumbi. Kwa makumbi wazee waliziba vyombo vya baharini, kwa makumbi watu wanaziba mabirika na mizinga na nyufa za milango. Kombo alichukua makumbi ya nazi akayaloweka, akayafunga kwenye bomba la ekzosi toka juu mpaka chini kwa kamba ya usumba, vizuri, kama mtu anayefunga mguu uliovunjika. Akawasha. Kweli kelele ilishuka kidogo. Akatoka nalo amefurahi.

Makumbi yalikauka alipofika kwenye kona ya kisima, na yakaanza kuungua alipofika kwa Bi Biubwa. Hayakuwaka moto. Yalikuwa yanatoa moshi mzito tu, wenye harufu kama ya nazi na ya samaki anayebanikwa, na moshi ule ukaingia uani kwa Bi Biubwa na kukaa.

"Shikamoo, mama," aliita Kombo.

"Nani anabanika samaki asubuhi yote hii?"

"Si samaki, mama, ni ekzosi."

"Nini?"

"Ekzosi."

"Lipitishe haraka, Kombo, mimi nimefunga," alisema Bi Biubwa kwa sauti ya kushinda trekta.

Ilikuwa Jumatatu. Bi Biubwa alikuwa akifunga sunna za Jumatatu kwa miaka mingi na hakumwambia mtu, kwa kuogopa ria, asije akaonekana anajionyesha. Sasa bonde zima lilikuwa limesikia. Hakumlaumu Kombo, lakini jioni hakumpelekea maandazi kama alivyozoea.

Kombo aliyafungua makumbi, akakaa siku mbili tatu anafikiri. Halafu alikwenda Mbegani kununua samaki, akaona boti moja yenye injini ndogo inaondoka ufukweni. Bomba lake la moshi lilikuwa limeelekea kwenye maji, na injini ilisikika kama inasemea ndani ya mto wa kulalia. Aliitazama mpaka ikapotea. Samaki alisahau kununua.

Aliporudi alitafuta mpira mnene, akauunga kwenye ekzosi, ule mwisho mwingine akautia kwenye ndoo ya maji, na ndoo akaifunga nyuma ya kiti kwa waya. Trekta likaanza kuchemka kama sufuria la uji. Hakukuwa na ubishi kwamba kelele ilipungua. Siku ile ilikuwa Ijumaa, naye alikuwa anawahi kurudi kuoga, akakutana njiani na Mwalimu Abdulswamad aliyekuwa anaelekea msikitini mapema. Kombo alipunguza mwendo ili asalimie kwa sauti ya kawaida, kwa fahari kidogo. Mwalimu akasogea karibu asikie. Pale trekta lilipopunguza mwendo, maji yakarudi ndani ya mpira, lote likavuta pumzi, likakohoa, na ndoo nzima ya maji meusi ikatoka kwa pamoja.

Mwalimu aliitazama kanzu yake. Akamtazama Kombo.

"Alhamdulillahi," alisema, akageuka kurudi nyumbani kubadilisha.

Sala ya Ijumaa ilichelewa kidogo siku hiyo. Baada ya sala, Mwalimu alimwita Kombo pembeni. "Pale Mbegani," alisema, "kuna fundi anaitwa Raya. Anatengeneza injini za boti. Mpelekee. Leo, ikiwezekana."

Fundi Raya alikuwa mama wa makamo, kichwani kajifunga kilemba kizito, ovaroli kaivaa juu ya gauni refu, na mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alilitazama trekta bila kusema, kama daktari anayengoja mgonjwa amalize kuvua shati. Kombo akaanza kumweleza habari yake tangu Miono.

"Liwashe," alisema Raya.

"Nilikuwa nataka nikwambie kwanza kuhusu makumbi."

"Liwashe, halafu unyamaze, kaka yangu. Mkisema nyote wawili sitajua yupi ni yupi."

Kombo alizungusha hendeli mpaka likashika. Raya akalizunguka taratibu. Aliweka kiganja juu ya madigadi moja, na mtetemo ukaacha. Akaondoa kiganja, ukaanza tena. Akafanya hivyo kwenye madigadi ya pili, kwenye kifuniko cha injini, kwenye kisanduku cha spana. Kila alipogusa kitu, kitu kile kilinyamaza, na kelele ikapungua kipande. Kisha akainama kwenye ekzosi, akapitisha kipande cha karatasi karibu na pale bomba linapoungana na injini, karatasi ikapeperuka. Mwisho akaenda upande wa pili, akachungulia. Akamwashiria azime.

"Kichujio cha hewa kiko wapi?"

"Nilikitoa."

"Ulikitoa."

"Lilikuwa linavuta pumzi kwa shida. Nikalionea huruma."

"Kinasafishwa, hakitolewi. Hapo linavuta hewa kwa kinywa wazi, na sehemu kubwa ya kelele yako inatokea hapo hapo. Wewe umehangaika na upande wa mkia peke yake." Alipangusa mikono kwa kitambaa. "Halafu gasketi imeungua, bomba lina ufa, injini imekaa chuma juu ya chuma, na hivi vidude vyote vilivyolegea ni matoazi. Liache hapa."

Kombo akaliacha, akarudi kwa miguu, akimsalimia kila mtu. Ilikuwa ajabu kidogo. Alisimama mbele ya Mzee Dadi na kumuuliza hali yake kwa kunong'ona, na Mzee Dadi alimtazama kwa mashaka, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Raya alifanya kazi yake kwa utaratibu. Aliweka gasketi mpya. Akachomelea ekzosi nyingine, bomba lenye matundu ndani ya bomba pana lililozibwa pande zote mbili, ili moshi uzunguke na kuchoka kabla haujatoka. Tairi kuukuu la lori akalikata vipande, akavitandika chini ya miguu ya injini na chini ya kiti. Madigadi akayakaza kwa vishikizo vya mpira. Kichujio cha hewa akatafuta cha boti chenye ukubwa ule, akakifunga. Kombo alipoitwa kulichukua, Raya mwenyewe ndiye aliyezungusha hendeli, mara moja tu, likashika.

Lilisikika kama cherehani ya fundi mwenye nguo nyingi za Idi.

"Halijanyamaza," alisema Raya kwa sauti yake ya kawaida, na Kombo akasikia kila neno. "Dizeli hainyamazi. Lakini sasa unaweza kusema na mtu."

Wakati wa kurudi, wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Dadi.

"Shikamoo, Mzee Dadi," alisema Kombo taratibu, trekta likienda. "Umeshindaje?"

"Marahaba," alipiga kelele Mzee Dadi. "Inatoka vizuri, namshukuru Mungu, isipokuwa alfajiri inasitasita kidogo."

"Nakusikia, mzee. Huna haja ya kupaza."

"Eeh, nimekunywa ile mizizi," alizidi kupaza Mzee Dadi, na wanawake wa bondeni wakanyoosha migongo.

Ilikuwa hivyo kwa siku kadhaa. Watu wa njia nzima walimpigia kelele Kombo, naye akawajibu polepole kama mgonjwa mwenye wageni wengi. Bi Biubwa alilalamika kwamba sasa anamnyemelea, kwamba mtu yuko uwanjani pake anafagia, mara anageuka na kukuta trekta. Lakini alirudisha maandazi.

Mwezi wa Shaabani ulikuwa katikati. Farhan aliadhini vizuri, na Kombo akakaa safu ya kwanza akimsikiliza, na hakuna aliyejua kilichokuwa moyoni mwake isipokuwa Shufaa, aliyekuwa anamwona akiamka wakati ule ule wa zamani, akitia udhu, kisha akikaa kitandani bila kazi. Shufaa alimchemshia tangawizi na asali. Alimkataza kumwita mbuzi. Alimkataza hata kubishana, na kwa kuwa alimkataza kubishana, yeye mwenyewe alishinda katika mambo mengi mwezi ule.

Alasiri moja Kombo alikuwa anarudi kutoka bondeni, njia haina mtu, trekta linajiendea kicherehani. Alianza kujisomea sura fupi, kama alivyozoea kufanya zamani, midomo tu. Kisha akaitoa sauti kidogo. Akasikia mtu anasoma. Aligeuka akatazama nyuma, hakuona mtu. Akasoma tena, na ndipo akatambua kwamba ni yeye. Alikuwa hajajisikia tangu siku alipotoka Miono.

Alilisimamisha trekta katikati ya njia, injini ikiendelea, akasoma mpaka mwisho wa sura. Halafu akaenda zake nyumbani na kumwambia Shufaa, kwa kunong'ona, kwamba anaona kama mambo yameanza kuwa mazuri.

Shaabani ilipokaribia kwisha, Mwalimu Abdulswamad alimwita msikitini asubuhi kukiwa hakuna mtu. Akamwambia aadhini pale pale ndani, bila maiki, kwa sauti ya chini. Kombo akaadhini. Mwalimu alikuwa amefumba macho, na baada ya Kombo kumaliza hakuyafumbua mara moja.

"Hii ya marehemu baba yako," alisema.

Kombo akaanza kuunyoosha mkeka uliokuwa umenyooka.

"Usiitumie ovyo. Iweke mpaka siku yenyewe."

Mwezi ukaandama. Baada ya tarawehe ya kwanza, Mwalimu akatangaza kwamba kesho magharibi ataadhini Bwana Kombo Mwinjuma mwenyewe. Watu wakasema inshallah. Lakini walipotoka nje, wakivaa viatu, wakaanza kukumbushana habari ya kikohozi. Siku moja walikwisha kuilipa. Mzee Dadi akasema yeye mwaka huu hatii kitu kinywani mpaka amsikie Kombo mwenyewe, dhahiri, kwa masikio yake, asije akadanganywa na adhana ya Mbegani ambayo siku zote inatangulia kidogo, au na simu za watoto zinazoadhini saa za Makka. Wote wakaona amesema jambo la maana.

Kesho yake jua lilipokaribia kuzama, msikitini walikuwa watatu, Mwalimu Abdulswamad, Farhan na Kombo, na sahani ya tende katikati. Watu wengine walikuwa kwenye baraza zao, kama ilivyo desturi, wakingoja wafungue ndipo waje kusali. Mwalimu akatazama saa, akatazama mbingu, akamwashiria. Kombo akasimama. Hakujikohoza. Akaiweka mikono masikioni, akaadhini.

Ilitoka laini, ikapanda, ikakaa juu ya minazi, ikashuka pale pale ilipotakiwa kushuka. Farhan aliinamisha kichwa. Nyumbani Shufaa alikuwa ameketi mkekani mbele ya bakuli la uji, akaijua tangu neno la kwanza. Akasema bismillahi, akanywa maji.

Alikuwa peke yake. Ukiwaacha wale wa msikitini, Mzambarauni nzima hakuna mwingine aliyefungua.

Msikitini walikula tende zao, wakanywa maji, wakangoja watu. Hawakuja. Mwalimu alitazama mlango. Akamtuma Farhan akaangalie. Farhan akatoka, akamkuta Mzee Dadi barazani na wenzake, kila mmoja ameshika tende kwa vidole viwili, wote wametazama spika.

"Mbona hamfungui, wazee wangu?"

"Tunamngoja Kombo."

"Ameshaadhini."

"Ile?" Mzee Dadi akatikisa kichwa kwa upole. "Ile ya Mbegani, mwanangu. Wamepata mwadhini mpya, maashallah. Na mapema vile vile kama kawaida yao."

"Ni Bwana Kombo, mzee. Nilikuwepo."

"Wewe bado kijana. Mwaka jana tulilipa."

Farhan alirudi akaeleza. Mwalimu Abdulswamad alishika ndevu. "Wanachelewesha kufungua," alisema. "Si vizuri. Bwana Kombo, zungumza nao."

Kombo akachukua maiki. "Ndugu zangu, assalaam alaykum," alisema kwa ile sauti nzuri. "Ni mimi Kombo. Fungueni, wakati umeingia."

Nje hakuna aliyesogeza mkono. Ilisikika sauti ya Bi Biubwa kutoka uani kwake, ikiuliza huyo ni nani anayejiita Kombo, na ni mtoto wa nani.

Kombo akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama pembeni. Basi Kombo akavuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo, akakaza shingo, akasogea kwenye maiki kama mtu aliye juu ya trekta la zamani, injini ikiunguruma na hendeli haitaki, akaita kwa ile sauti ya bati na kokoto.

"Bi Biubwa, shikamoo. Mzee Dadi, shikamoo. Mzee Dadi, na ile haja..."

Mwalimu akamgusa mkono.

"Marahaba," ilijibu baraza yote kwa pamoja, na tende zikaingia vinywani.

Walikuja kusali wakitafuna. Bi Biubwa alisimama mlangoni upande wa wanawake akamwita Kombo kabla safu hazijanyooka. Alimtazama kwa muda, kama anamtafuta ndani ya uso wake mtu mwingine aliyemjua.

"Kesho," alisema, "usianze na shikamoo zote hizo. Sema jina tu, halafu uadhini. Tutazoea."

"Sawa, mama," alijibu Kombo, kwa kunong'ona, akaenda kukimu sala.